Jogoo Niliyemla Kabla ya Mwamba

Nyinyi vijana mnaoshika baramini asubuhi na jioni mnataka kuitwa fundi, kaeni kwanza chini. Baramini ni chuma tu, fimbo nzito ya kuvunjia udongo mgumu, hata mwizi anaweza kuwa nayo. Mimi nimechimba visima Kasongo, nimechimba Kabambare, nilianza na meno yote na leo nimebaki na ya kutafunia ndizi. Watu wananiambia, "Papa Ramazani, pumzika sasa." Nitapumzikaje? Juzi nimemkuta mmoja wenu amekaa ukingoni mwa shimo, mgongo ameugeuzia shimo, anaangalia simu na kucheka peke yake. Nilimtukana mpaka akasahau alikuwa anacheka nini.

Kosa langu kubwa nitalisimulia mwenyewe, kwa kinywa changu, kwa sababu hapa Kasongo kila mtu ana namna yake ya kulisimulia, na katika namna zote mimi ni mjinga kuliko nilivyokuwa. Lakini kwanza mjue udongo.

Ardhi hii mnadhani imelala. Wapi! Iko kazini kuliko nyinyi. Juu kabisa ni udongo mweusi, ule wa mihogo. Chini yake mwekundu. Chini ya mwekundu mnakutana na changarawe za kutu, na hapo ndipo wageni wanapodanganyika. Zikiwa bado na unyevu, zinakatika kwa jembe. Zitoe nje, jua lipige, mvua ipite, jua lirudi: chuma kilichomo kinashika kutu, changarawe zinashikana, na baada ya muda una jiwe kamili. Nilijifunza hilo Lusangi, kwa mama mmoja aliyenipa kazi. Nilimwaga lundo mbele ya jiko lake nikamwambia, "Mama, nitakuja kuliondoa." Nikaenda zangu. Niliporudi, misimu imepita, nikapiga jembe, mpini ukavunjika. Mbuzi wake alikuwa amepanda juu ya lundo, anatafuna, ananitazama.

"Weye kijana," yule mama akaniambia, "miye nilikuita unichimbie kisima, umeniletea mulima!"

Mlima wenyewe upo hadi leo, wajukuu zake wanaanika mihogo juu yake.

Mwalimu wangu alikuwa Papa Kalonda, Mubangubangu kwa kabila, mtu wa kule Wamaza, mkulima wakati wa mvua, mchimbaji wakati wa kiangazi. Mkristo wa kweli kweli. Kabla ya kushuka shimoni alisali, na mimi Mwislamu niliyeshika kamba huku juu nilikuwa naitikia amina kwa nguvu, maana nilikuwa najua zamu yangu ya kushuka inakuja. Hatukupima kwa mita. Tulipima kwa watu: kisima cha watu wanne, cha watu sita, kama vile mmoja amesimama juu ya kichwa cha mwingine. Shida ni kwamba mtu wa kupimia alikuwa Papa Kalonda, na Papa Kalonda alikuwa mfupi. Visima vyetu vilikuwa vinasifiwa kwa urefu mpaka mtu alete kamba.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mawe yanaoza. Msicheke! Muhogo ukiuloweka unaoza kwa siku tatu. Jiwe linachukua muda ambao babu wa babu yako asingeweza kuuhesabu, lakini linaoza. Maji ya mvua yanaingia kwenye nyufa, mizizi inasukuma, na kidogo kidogo lile jiwe lililokuwa linatoa cheche linakuwa laini. Sehemu yake inageuka udongo wa kufinyangia vyungu, sehemu inabaki mchanga wa kukwaruza meno. Mvua inauchukua mchanga hadi kijitoni, kijito kinauteremsha hadi mto Lualaba, na Lualaba inajua yenyewe itauweka wapi. Chini kabisa, mahali maji hayajafaulu kula, ndipo ulipo mwamba mzima. Papa Kalonda aliuita mwamba mama. Maji ya kisima yanakaa juu ya mgongo wa mama huyo, ndani ya jiwe lililooza. Ukifika kwake na hujaona maji, basi, pale hamna kitu.

"Gonga, nyamaza, sikia," alikuwa ananiambiaga. "Mwamba mama ukimugonga, unasikia mu nyayo. Weye unagonga na unaongea. Sasa jiwe itakujibu saa ngapi?"

Na tulikuwa na desturi. Mchimbaji akigusa mwamba mama bila kupata maji, mwenye uwanja anamchinjia jogoo. Huyo ndiye jogoo wa mwamba. Kumla ni kama kula kiapo: mchimbaji anasema nimefika mwisho, mwenye uwanja anasema sikulaumu. Ukishamla, udongo wa uwanja ule huugusi tena.

Sasa nije kwa Mwajuma.

Baba yake, Mzee Sefu, alikuwa na duka la vitambaa na cherehani mbili, mtu wa ukoo wa zamani wa mjini, kofia nyeupe kila siku, sauti yake inafika sokoni kabla yake. Mimi nilikuwa kijana wa matope. Mwajuma alikuwa akiteremka kijitoni na kupanda na ndoo kichwani, na mimi kila siku nilijikuta nina shughuli kwenye njia ile ile. Tulizungumza, tukacheka, tukapendana. Nikawatuma wazee wangu kuposa. Mzee Sefu aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa chai, kisha akasema:

"Mutoto wangu anachota maji mbali, shingo inamuuma. Huyu Ramazani iko muchimbaji? Achimbe kisima mu uwanja wangu. Maji ikitoka mbele ya mvua ya kwanza kuanguka, Mwajuma ni wake. Isipotoka, iko mununuzi mumoja wa dhahabu kule Salamabila. Amekwisha kutuma watu mara mbili."

Mnunuzi yule nilimjua. Alikuwa na pikipiki, miwani ya jua na wake wawili.

Tulianza siku iliyofuata, mimi chini, Papa Kalonda juu na kamba, maana goti lilikuwa linamsumbua. Udongo mweusi, mwekundu, changarawe, kisha ule wa madoa madoa mekundu na meupe. Kina cha watu watano baramini ikagonga jiwe. Nikasafisha. Jiwe la kijivu, limeziba chini yote, ukuta hadi ukuta. Maji hakuna, hata jasho.

"Mwamba?" Papa Kalonda akauliza kutoka juu.

"Mwamba!"

"Umesikia muzuri?"

Hapa sasa, vijana, nitasema ukweli. Nilikuwa nimesikia. Jiwe lililia mara moja, sauti ikakatika, kama mtu aliyezibwa mdomo. Nyayo zangu hazikusikia chochote. Lakini nilikuwa nimechoka, mikono imepasuka, na kichwani mwangu nilikuwa nimeshatengeneza hesabu nzuri sana: desturi inasema aliyefika mwamba halaumiwi. Kama silaumiwi, nimemaliza kazi. Kama nimemaliza kazi, Mwajuma ni wangu, maji au hakuna maji. Nikapaza sauti:

"Nimesikia, Papa! Ni mama mwenyewe!"

Jogoo alikuwa mkubwa, mwekundu, na mchuzi wa mawese. Nilikula mapaja yote mawili. Papa Kalonda akala shingo na mabawa. Mzee Sefu alituangalia tunakula, akasubiri nilambe vidole, ndipo akasema kwa upole mkubwa:

"Ramazani, sikulaumu."

"Aksanti, Baba."

"Hapana niita Baba. Miye sikulaumu, lakini maji iko wapi? Miye nilisema maji."

Nilikuwa nimempoteza Mwajuma, na uwanja wenyewe nimejifungia kwa mdomo wangu.

Mwajuma alikasirika siku nzima. Alifua nguo za nyumba yote, akachukua beseni la maji ya sabuni, na kwa hasira akalimwaga lote ndani ya lile shimo langu. Alidhani atayakuta yamesimama, atayatazama na kunilaani vizuri. Alipochungulia baadaye, hola, hamna hata tone. Akamwaga la pili, likaisha. Akamwaga la tatu. Jioni, jua halijatua, akanikuta kwenye njia ya kijitoni nimeinamisha kichwa.

"Ramazani, mwamba mama inakunywaga maji?"

"Hapana. Mwamba mama maji inasimama juu yake."

"Basi ile yako iko na kiu."

Nilikimbia kwa Papa Kalonda, pale alipofikia mjini, bila hata kumjibu. Nilipomweleza habari ya sabuni alikaa chini polepole, akafunga macho.

"Iko yai," akasema.

Vijana, yai ni hivi. Jiwe haliozi sawasawa. Chukua kipande cha sabuni kipya chenye kona nne: kona zinaisha kwanza, kwa sababu pale maji yanaila pande zote kwa pamoja. Jiwe chini ya ardhi ni vile vile. Limekatwakatwa na nyufa, maji yanapita kwenye nyufa, kona zinaliwa, na katikati linabaki duara moja gumu, limelala ndani ya uozo wa ndugu zake. Hilo ni yai. Si mama. Kando yake mna udongo laini, na maji ya sabuni ya Mwajuma yalipita pembeni kwenda kumsalimu mama mwenyewe, aliye chini zaidi.

"Na jogoo tumekula," nikasema.

"Weye umekula mapaja," akasema Papa Kalonda. "Miye nilikula shingo tu."

Ilikuwepo njia moja, na hakuna kijana ambaye angeipenda. Unakwenda na jogoo mwingine, unakiri mbele ya watu kwamba ulikula bila haki, na jogoo akiwika mle uwanjani, udongo umekufungulia. Mimi, mbele ya Mzee Sefu! Mbele ya mtaa! Sikulala. Lakini mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Kabambare, na watu wa Salamabila, nilisikia, wanakuja mara ya tatu.

Nilikwenda Wamaza kwa baiskeli, nyumbani kwa Papa Kalonda, nikapata jogoo wake mwenyewe, nikamfunga nyuma. Kosa jingine hilo! Siku nzima ya barabara ya mashimo, kichwa chini miguu juu. Alifika Kasongo amekasirika kuliko Mwajuma. Nikasimama uwanjani, watu wamejaa, nikasema, "Mzee Sefu, nilikula bila haki. Lile si mwamba, ni yai. Makosa ni yangu, Papa Kalonda hakushuka." Aibu ilinichoma masikio. Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Mzee Sefu hakucheka. Alitazama jogoo.

"Basi awike."

Jogoo akanyamaza.

Alinyamaza siku ile, na siku iliyofuata. Tulimpa mahindi, tukampa mchwa. Watu wa mtaa walikuja kumfundisha: fundi cherehani aliwika, muuza sabuni aliwika, shangazi yake Mwajuma aliwika vizuri kuliko wote. Jogoo akatugeuzia mkia. Siku ya tatu mawingu yalikuwa meusi kabisa. Nilikuwa nimekaa kando ya shimo nimekata tamaa, mara nikasikia nyuma ya duka sauti nzito, ya heshima, sauti ya mtu anayeswali safu ya mbele:

"Kokolikooo!"

Jogoo akanyoosha shingo. Akapiga mabawa. Akajibu kwa hasira mpaka mbwa wakabweka. Mzee Sefu akatoka nyuma ya duka, anaweka kofia yake sawa.

"Munangalia nini?" akasema. "Chimbeni!"

Sasa, yai la ukubwa ule hulivunji kwa baramini. Chuma kinaruka na mikono inaumia. Tulilivunja kwa moto. Tulishusha kuni kavu, tukawasha, tukaacha ziwake mpaka jiwe likawa jekundu, kisha tukamwaga maji baridi kutoka juu. Ngozi ya jiwe inavimba kwa moto, moyo wake bado baridi, maji yakija ghafla ngozi inapasuka na kubanduka kama kitunguu. Jua na mvua hufanya kazi hiyo hiyo vilimani, ila wao hawana mposaji mwenye haraka. Na sikieni: usishuke baada ya moto kabla hujashusha taa kwa kamba. Taa ikizimika chini, hewa hakuna, na wewe utazimika hivyo hivyo. Nimezika rafiki kwa sababu hiyo, sitanii hapo.

Tatizo lilikuwa moshi. Ulitoka shimoni mweusi, umenyooka, na lile jiwe lilipopasuka, paa!, mpangaji wa Mzee Sefu aliyewahi kukaa Goma, mji wenye volkano, alitoka mbio na godoro kichwani.

"Volkano! Volkano imetufuata!"

Vijana, mtaa wote ulitoka. Watu walibeba masufuria, mmoja alibeba mlango. Mzee Sefu, aliyekuwa anajua kabisa kwamba moto ule ni wetu, alionekana barabarani amekumbatia cherehani. Nilisimama nikipiga kelele, "Ni yai! Ni yai!" na hiyo ikawaogopesha zaidi. Ilichukua mchana kutwa kuwarudisha, na vitambaa vya duka vilinukia moshi hadi Idi.

Miaka mingi baadaye alikuja Kabambare dada mmoja, mtaalamu wa mawe kutoka chuo, na nyundo ndogo. Nilimbebea mfuko wa mawe kutoka Salamabila, mawe yasiyo na dhahabu hata chembe. Waendesha pikipiki walidhani nimerogwa. Nilimsimulia habari ya volkano nikitaka acheke. Akacheka, kisha akasema yule mpangaji hakukosea sana. Jiwe lile la kijivu lenye chembe kubwa kubwa lilikuwa moto kweli, uji wa moto chini sana ya ardhi, na halikuwahi kutoka nje. Lilipoa polepole mno, ndiyo maana chembe zake zilipata nafasi ya kukua. Milima iliyokuwa juu yake yote imekwisha kuliwa na mvua. Nilimwuliza, "Yote?" Akasema yote. Na ile mishipa myeupe ya mawe mnayoifuata kule Salamabila mkitafuta dhahabu, akasema, ni maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa yakaacha mzigo wake humo. Siku ile nilijilaumu kwa matusi niliyolitukana lile yai.

Turudi uwanjani. Tulichoma siku nne. Ngozi baada ya ngozi, mpaka moyo ukapasuka vipande vitatu, tukavivuta juu kwa kamba. Chini yake nikakuta mchanga mnene wa jiwe lililooza, na mchanga ule ulikuwa baridi. Nikachimba kina cha kifua kimoja. Ukuta ukaanza kutoka jasho. Nikachimba goti moja, miguu yangu ikalowa, nikapiga ukelele ambao Papa Kalonda alidhani ni wa kufa, akanivuta juu mzima mzima na sululu mkononi. Chini ya maji nilikuwa nimegonga mara moja tu. Nyayo zilisikia hadi magotini.

Mzee Sefu alionja maji kwa kikombe cha chai. Akaonja tena. "Alhamdulillahi," akasema. Mvua bado, watu wa Salamabila bado. Akaita wazee na maalim palepale, mchana, mimi nikiwa na matope hadi kwenye nyusi, akamwuliza binti yake aliyekuwa nyuma ya pazia la mlango kama ananikubali.

"Baba, niko na swali moja kwa Ramazani."

Wazee wakatazamana. Maalim akasema ana haki.

"Ramazani," Mwajuma akasema, na sauti yake haikuwa ya mchezo, "kama miye sikumwaga ile maji ya sabuni, weye ungesema lile jiwe halikulia vizuri?"

Sikujua alijuaje. Nadhani aliusoma uso wangu ile jioni kijitoni. Jibu zuri lilikuwa wazi, tamu, limeshanifika ulimini. Papa Kalonda alikuwa ananikonyeza kwa macho yote mawili. Nikamtazama Mzee Sefu, nikalitazama pazia.

"Hapana," nikasema. "Nisingesema. Nilikuwa naogopa."

Papa Kalonda akajipiga kiganja usoni. Mzee mmoja akasema "Lahaula." Nikajua nimejichimbia kaburi la kina cha watu watano mbele ya mashahidi.

"Baba, mukubali," Mwajuma akasema. "Yule wa Salamabila angejibu mbio, na angejibu uongo."

Nilikaa chini palepale kwenye matope na nikalia, kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya wazee, maalim na mtaa mzima. Watu wa Kasongo wakiwaambia vinginevyo, wakiwaambia eti ulikuwa moshi, msiwasikilize. Nililia.